Vidonge vya Phelista na Tumbili wa Kiminini

Wanawake wengine wa Kiminini huanza siku na chai. Phelista huanza na vita. Mahindi yakikomaa tu, alfajiri yuko shambani akigonga bati lake kuukuu, anawafukuza tumbili. Wezi hao! Hawalimi, hawapalilii, na wao ndio wa kwanza kuvuna.

Mumewe, Levi, alikuwa amepatikana na virusi vya ukimwi, na alikuwa ameanza dawa juzi juzi tu. Phelista hakuwa na virusi. Kliniki ilimpa vidonge vya kinga ameze kila siku, mpaka dawa za Levi zifanye kazi vizuri. Walitaka mtoto, tena walimtaka sana.

Basi siku moja, foleni ya posho mili, kwenye kinu cha kusaga unga, ikaleta maneno. Ati hiyo dawa ilijaribiwa kwa nyani. Phelista alipandwa na hasira. Yeye ameze dawa ya wezi wake na jamaa zao? Kesho yake alibeba mkebe mpaka shambani, akamwaga vidonge vyote chini, wenyewe wajitibu. Tumbili mmoja alionja, akatema, akang'oa hindi.

Siku zikapita. Levi alipouliza mkebe uko wapi, na akajibiwa, aliingiwa na hofu. Hakugomba. Alimwita jirani yao Peris, mhudumu wa afya wa kijiji.

Peris alicheka mpaka akafuta machozi.

"Si uongo, dada," alisema. "Ilijaribiwa kwa nyani, kweli. Tumbili wetu wengi wana virusi vyao, vinavyofanana na vyetu, na hawaugui. Lakini kuna nyani wa Asia, wakivipata wanadhoofika kama mtu. Wataalamu waliwapa hao dawa, wakaona inaweza kuzuia maambukizi. Baadaye ikajaribiwa kwa watu waliokubali, na ikawakinga. Ndipo ikakufikia wewe."

"Na hao nyani, waliumia?"

"Wengine waliumia, na wengine walikufa."

Phelista hakuwahi kumhurumia nyani maishani mwake, mpaka hapo.

Peris aliwapeleka kliniki siku hiyo hiyo. Phelista alipimwa, hakuwa na virusi. Moyo ulimrudi. Akapewa mkebe mwingine, wakapewa na kondomu, akaambiwa arudi kupimwa tena. Aliporudi, bado alikuwa salama. Levi naye hakukosa dawa hata siku moja. Vipimo vyake vilifika mahali virusi havionekani tena damuni, na daktari akawaambia hawezi kumwambukiza mkewe. Sasa watafute mtoto bila hofu.

Nangila alizaliwa mnene, bila virusi, na sauti ya kuamsha boma. Nyanya yake alitoka Bungoma na kuku wawili, watu wakala, wakaimba.

Msimu uliofuata Phelista alirudi vitani, mtoto mgongoni, bati mkononi. Tumbili walitimka. Lakini kwenye mpaka wa shamba alikuwa ameacha mstari mmoja wa mahindi bila kuulinda. Levi alipouliza kwa nini, Phelista alimpapasa Nangila mgongoni.

"Huo ni wao," alisema. "Tuna deni na jamaa zao."