Tangi la Kiragu na Mtungi wa Njano

Harufu ndiyo iliyowafikia kwanza. Kaltuma aliinusa akiwa amekaa nyuma ya pikipiki, amejifunga leso puani kwa ajili ya vumbi, na bado ikampenya.

"Fundi, ni nini hiyo inanuka?"

"Ni upya," Kiragu akajibu bila kugeuka. "Kitu mpya lazima inuke."

"Upya wako umenilowesha mguu."

Kiragu akatazama chini. Petroli ilikuwa inachuruzika ubavuni mwa tangi na kudondoka karibu na injini iliyochemka. Akazima, akaruka, akamvuta Kaltuma pembeni, wakasimama kwenye mawe meusi wakingoja kuona kama mashine italipuka. Haikulipuka. Ilisimama tu juani, inang'aa na kuvuja.

Na ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe. Isiolo mjini wanaume waliacha chai yao mezani kwenda kuitazama. Kiragu alichukua pikipiki ya kawaida ya kubeba abiria, akaivua kila kitu, akaivisha sura ya zamani: taa ya duara, kiti cha ngozi alichokishona kwa mkono, na tangi lenye umbo la tone, la kijani kibichi na mstari mwembamba wa rangi ya maziwa. Alifuata picha aliyoletewa na Kaltuma, ya marehemu baba yake akiwa juu ya pikipiki yake enzi za kuzunguka akichanja ng'ombe. Picha ilikuwa imeraruka nusu ya nyuma, lakini tangi lilionekana vizuri, na Kiragu alilipenda lile tangi kuliko watu wengine wanavyowapenda shemeji zao. Aliusaga mshono wa welding mpaka ukawa laini kabisa. Akaendelea kuusaga. Jamani, mafundi! Mshono ukabaki mwembamba mno, na mawe ya njia ya Biliqo yakaumaliza.

"Fundi, harusi ni leo," Kaltuma akasema.

"Najua."

Alijua, ndiyo. Mdogo wake Kaltuma, Sadiya, alikuwa anaolewa Biliqo baada ya alasiri. Na kwao, buna ya harusi, zile punje nzima za kahawa zinazokaangwa kwenye samli, huletwa na dada mkubwa. Kabla haijafika hakuna sheikh anayefungua mdomo. Buna yenyewe ilikuwa begani mwa Kaltuma, kwenye mfuko wa kitambaa. Jamaa za bwana harusi walitoka mbali, mifugo yao wamewaachia watu. Jua likizama bila ndoa wangeondoka, na maneno ya watu yangeanza asubuhi.

"Ningepanda lori ya jana," Kaltuma akasema. "Nani aliniambia niwache lori?"

"Ni mimi."

"Na nani alifungua mtungi wangu?"

Asubuhi hiyo Kaltuma alikuwa ameufunga mtungi wa maji nyuma ya kiti kwa mpira, ule mtungi wa plastiki wa njano wa lita tano ambao kila mtu anao, na Kiragu akaufungua kwa uchungu wa kweli. "Mama, hii mashine ni bibi harusi. Unamvalisha gambuti?" Hata keria ya kufungia mizigo hakuweka, eti inaharibu umbo. Basi Kaltuma akaupakata mtungi mapajani njia nzima kama mtoto, na shukrani ziende kwa Mungu kwamba ni mbishi.

Wakajaribu sabuni kwanza. Kaltuma alikuwa na mche wa sabuni kwenye mzigo, Kiragu akausugua kwenye ufa mpaka vidole vikawaka. Tangi likaacha kuvuja. Wakacheka, wakapanda, na kwenye mtikisiko wa kwanza ufa ukafunguka mrefu kuliko mwanzo.

"Inaisha yote," Kiragu akasema, na sauti yake sasa haikuwa na utani. "Nikipata chombo, naokoa kidogo. Bila chombo tunalala hapa."

Pande zote kulikuwa na mawe na vichaka vikavu, na mbali sana vumbi lililozunguka lenyewe. Vyombo vilikuwa viwili tu: mtungi wenye maji yao, na gorfa, chombo cha maziwa ambacho Kaltuma alimfumia Sadiya kwa nyuzi za mizizi, akakifukiza moshi kwa mikono yake. Alitaka kiguswe kwanza na maziwa ya ngamia wa mdogo wake. Kumwaga maji hawangethubutu. Jua lile lingewaua kabla ya petroli kuwafaa.

Kaltuma aliishika gorfa kifuani. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma.

"Sadiya atanisamehe," akasema, akaifungua. "Leta hiyo maji."

Wakanywa kwanza, kisha wakamimina yaliyobaki ndani ya gorfa. Mtungi ukakingwa chini ya tangi, Kiragu akiinamisha pikipiki kwa bega huku anahema, wakaokoa kiasi cha kufika karibu nusu ya mtungi. Akatoboa kifuniko, akachomoa mpira wa petroli kwenye tangi lake pendwa, akauingiza kwenye mtungi, akavuta kwa mdomo, akatema, akatukana kwa Kikikuyu.

"Sasa petroli inashuka yenyewe," akasema. "Lakini mtungi lazima ukae juu. Juu sana."

"Juu wapi?"

Kiragu alimtazama begani. Kaltuma akaelewa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe.

Hivyo ndivyo walivyoondoka: pikipiki nzuri kuliko zote za Isiolo, na nyuma yake mwanamke ameshikilia mtungi wa njano begani, mpira ukining'inia hadi kwenye injini. Wakifika mteremko Kiragu anazima ili kubana petroli. Wakifika mlima Kaltuma anashuka na mtungi wake na kutembea sambamba, kwa vile mpira hauruhusu kuachana.

Kwenye laga moja, mto mkavu wa mchanga, mafuriko ya mwaka jana yalikuwa yameila njia, na ng'ambo kukawa na njia mbili. Petroli ilitosha moja.

"Kulia kuna alama za gari," Kiragu akasema.

"Za zamani, zimejaa mchanga. Ona kushoto." Zilikuwa nyayo za ngamia, pana, mpya, na kinyesi bado kibichi. "Saa hii ngamia anaenda maji tu. Na maji ni Biliqo."

"Ukikosea?"

"Nikikosea nitakubeba wewe badala ya mtungi."

Wakaenda kushoto. Mkono wa Kaltuma ulikufa ganzi, akahamisha bega, petroli ikamwagikia mtandio wake wa harusi. Walikunywa maji ya gorfa yenye ladha ya moshi, na Kiragu akasema hajawahi kunywa kitu kitamu hivyo. Kisha injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Na katika ule ukimya wakasikia kengele za mbao za ngamia, na nyuma yake, vigelegele.

Waliisukuma pikipiki mpaka Biliqo wakikimbia, Kaltuma akiwa na mtungi mtupu begani kwa mazoea tu. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Watoto wakawapokea kwa kelele, wanaume wakasimama, na Sadiya akatoka nje akilia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo bibi harusi hakatazwi.

"Asalaam aleikum," Kaltuma akasema kwa koo kavu, akanyoosha mfuko. "Buna hii hapa."

Lakini mama yao hakuipokea mara moja. Alikuwa anaitazama pikipiki, mkono mdomoni. Kiragu akautwaa haraka mtungi begani mwa Kaltuma, akauficha nyuma yake.

"Samahani, mama. Hiyo si ya pikipiki. Ni shida ya njiani tu."

"Wacha hapo," mama akasema. Akautwaa mtungi mwenyewe, akauweka nyuma ya kiti, akaushikilia pale kwa viganja viwili, akarudisha kichwa nyuma kidogo kutazama. Machozi yakamtoka. "Baba yao hakuenda popote bila mtungi, hapa hapa nyuma. Ile picha iliraruka hapo ulipokuwa. Mlivyofika nao nikasema, ni yeye amekuja harusi."

Kiragu akamgeukia Kaltuma polepole.

"Usiseme kitu," akamwambia.

"Sijasema," Kaltuma akajibu, akiminya midomo, na buna ikaingia kwenye samli.