Nyuzijoto Thelathini na Saba

Stendi ya Segera ilikuwa imefurika. Mabasi ya Tanga, Arusha na Dar yalipishana, wauza machungwa wakigombania madirisha, na kibanda cha kanda kilipiga muziki mpaka meno yanatetemeka. Hajira alishuka kunyoosha miguu, kitenge cha zambarau kimemkaa vizuri, akaweka bahasha yake juu ya spika ili afunge upya mtandio wake wa njano.

"Dada, hizo ni diski?"

Kijana mrefu wa Kimaasai: suruali imepigwa pasi, shuka nyekundu begani, katambuga za tairi miguuni.

"Zinakuhusu?"

"Spika ina sumaku, inazifuta. Ukiziacha hapo, utafika kwenu na plastiki tupu."

Hajira akazinyakua. "Na wewe umejifunzia wapi, machungani?"

"Ng'ombe wa Handeni wamesoma, dada."

Hajira akacheka mpaka akakosa basi.

Kijana aliitwa Salaash, fundi wa kompyuta mwenye kibanda Handeni mjini. Hajira alikuwa mkufunzi wa biolojia katika chuo cha ualimu Korogwe, na kwenye diski zile kulikuwa na programu inayoiga seli ya neva. Unaipa umeme kidogo, mstari wa kijani unaruka kwenye kioo cha kompyuta, na mwanafunzi anaona kwa macho yake jinsi ubongo unavyopeleka habari. Aliifundishia, na usiku aliifanyia utafiti wake wa kifafa.

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Ili apate mtandao, Salaash alipanda kichuguu nyuma ya kibanda chake.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Shuka chini, watu watasema umerogwa."

"Wameshasema. Wanasema ni Mzigua mmoja wa Korogwe."

Mama Beatrisi, mpishi wa chuo, alijua siku za Salaash kuja kabla Hajira hajazijua, na alizitangaza kwa bei nafuu.

Kisha ikaja habari kwamba wageni kutoka Dar watakuja kuiona ile seli. Wakiridhika, Hajira atapelekwa Ulaya kusomea ubongo.

"Nitaiua hiyo seli yako usiende," Salaash alimwambia jikoni kwa Mama Beatrisi, mdomo umejaa chapati. Wote wakacheka.

Jioni ya kuamkia ugeni, Salaash alileta toleo jipya la programu, alilolipata Tanga. Akaliweka mwenyewe, Hajira akipiga pasi gauni lake. Toleo hili lilikuwa na kijisanduku ambacho la zamani halikuwa nacho: kinauliza joto la seli. Kilikuwa kimeandikwa sita. Salaash akashangaa. Mtu gani ana nyuzijoto sita, maiti? Akaandika thelathini na saba, joto la mtu mzima mwenye afya, akazima mashine akiwa ameridhika.

Asubuhi, mbele ya wageni, Hajira aliipa seli umeme. Mstari ukainuka kidogo, ukalala. Akajaribu tena. Ukalala. Mgeni mmoja akatazama saa yake.

Hajira akageuka mlangoni, alipokuwa amesimama Salaash.

"Ulisema utaiua. Nani alikwambia mchunga ng'ombe anashika kompyuta?"

Chumba kizima kilisikia. Salaash alikusanya diski zake moja moja, akatoka.

Wageni waliondoka. Ulaya ikaenda kwa mwingine. Hajira akaifunika kompyuta kitambaa, hata kuitazama hakutaka, mpaka mwaka uliofuata mada ya neva iliporudi darasani. Alipofungua ndipo akakiona kijisanduku, kimeandikwa thelathini na saba. Akasoma maelezo ya programu: hesabu zake zilipimwa kwa neva ya ngisi wa bahari ya baridi, kwenye nyuzijoto sita, na joto likizidi sana seli inanyamaza. Akarudisha sita. Mstari wa kijani ukaruka, ukaruka tena.

Akakaa chini mbele ya wanafunzi. Thelathini na saba. Hakuna mtu anayeharibu kitu kwa kuandika joto la mwili wa binadamu.

Alipiga simu siku nyingi kabla haijapokelewa. Wakakubaliana Segera.

Salaash alikuja na fimbo na vumbi la safari. Hajira alimweleza yote, la ngisi na la sita. Salaash akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe ni hilo tu. Nilikesha nikilitafuta."

"Nisamehe, mpenzi. Rudi. Kuna toleo jipya tena, nimekuja nalo, uje uliweke wewe."

"Kibanda nilifunga, Hajira. Kila nikigusa mashine nasikia sauti yako. Nikasema labda mwalimu anajua. Nikarudi kwa ng'ombe."

"Sikujua. Nilikosea."

"Najua. Nimekusamehe zamani, hata kabla ya ngisi."

"Basi nioe."

Wauza machungwa wawili waligeuka. Salaash alimtazama: kitenge kilekile cha zambarau, mtandio uleule.

"Ungeniambia hivyo mbele ya wale wageni," alisema, "ningeacha hata ng'ombe."

Basi la Handeni likapiga honi. Salaash akanyoosha mkono, Hajira akadhani anamshika. Mkono ulimpita, ukaokota bahasha ya diski ambayo Hajira, kwa kuhangaika, alikuwa ameiweka tena juu ya spika ya kibanda cha kanda. Akamwekea kiganjani, akamfunga vidole.

"Zishike mwenyewe, mwalimu," akasema, akapanda basi.