Kupuliza Baridi

Bogumił alikuwa fundi wa paa, na mkewe Halszka alishona mapazia. Kila mwaka walikwenda Misri kwa juma moja, wakazamia katika bahari ya vuguvugu. Walirudi na kadi zilizowaruhusu kufika mita kumi na nane. Bogumił aliisoma yake kana kwamba ni hati ya kutawazwa.

Mwezi Machi alitaka kufika mita thelathini, kwenye lori lililozama katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji nje ya mji wao. Maji ya chini huko ni nyuzi nne, na ukingoni theluji ilikuwa bado haijayeyuka.

Bogumił alitia kifaa cha kupumulia mdomoni, akapuliza na kuvuta mara kumi.

"Unafanya nini?" akauliza Halszka.

"Nakipasha moto. Si wazee walisema, aliyeunguzwa na supu hupuliza hata ya baridi? Tahadhari, mke wangu."

Wakazama. Walipofika mita sita, vali ya kifaa chake iliganda ikiwa wazi. Hewa ikabubujika, mtungi ukaanza kuisha. Halszka alimpa mdomo wake wa akiba, kipumulio cha pili kilichounganishwa na mtungi wake. Kwa glavu nene, Bogumił aliupapasa mara tatu kabla ya kuupata. Wakapanda polepole, wakishikana.

"Mita sita, Bogumił! Sita!" Halszka alifoka. "Ingekuwa thelathini, ningerudi nyumbani na nini? Kadi yako?"

"Kifaa kibovu tu."

"Kibovu ni hicho kichwa!"

Bi Ludmiła, mwalimu wa uzamiaji, alikuwa kibandani akijaza mitungi. Aliwasikia, kama machimbo yote yalivyowasikia.

"Nani alipumulia kifaa hapa nje?" aliuliza.

Halszka alinyoosha kidole.

"Pumzi yako ina unyevu, bwana. Umeutia ndani ya chuma cha baridi. Hewa nayo hupoa zaidi inapotoka mtungini. Unyevu umekuwa barafu, vali imeshindwa kufunga."

"Lakini methali..."

"Methali haijawahi kuzamia. Na wewe, mama, kadi yako si kumi na nane vilevile? Mbona ulimfuata?"

Sasa hasira ya Halszka ilikuwa na watu wawili wa kuigawana: mumewe na yeye mwenyewe.

"Mtafute vifaa vya maji baridi," Bi Ludmiła aliendelea. "Viwili kwa kila mtu, kila kimoja na vali yake. Kikiganda kimoja, unakifunga, unapumulia cha pili. Msivipumulie mpaka muwe majini. Msijaze hewa katika nguo za kuzamia huku mnavuta pumzi, maana hewa ikitoka kwa wingi kifaa huganda. Na huko chini akili hulewa bila kunywa. Mmoja akijiona mwerevu ghafla, pandeni."

"Nitajuaje? Huyu hujiona hivyo kila siku."

"Mwoneshe vidole viwili. Akuoneshe vitatu. Akikosea, pandeni."

Hasira ya Halszka haikuisha, ilipewa kazi. Kwa majuma sita, kwenye maji ya kina kifupi, alimlazimisha Bogumił kupokea hewa akiwa na glavu, mpaka akaupata mdomo wa akiba kwa jaribio moja, macho yamefumbwa.

Mwezi Mei, Bi Ludmiła alizama nao mpaka kwenye lori lile. Halszka alionesha vidole vinne. Bogumił akaonesha vitano. Hewa ya mitungini ilipopungua hadi kiwango walichokubaliana, waligeuka. Mita tano chini ya uso wa maji walisimama dakika tatu kwa usalama, kisha wakatoka.

Ukingoni Bogumił alitetemeka kwa baridi. Halszka alimmiminia supu ya moto. Bogumił akanyanyua kijiko, akasita, akamtazama mkewe.

"Hiyo puliza," akasema Halszka.