Samadi Nayo Huiva

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mama Pacha alishika koleo akaingia zizini. Ng'ombe walikuwa wawili tu, lakini kwa kinyesi chao ungedhani ni kundi zima. Alikipakia kwenye toroli, akakimwaga mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro ulikisukuma hadi kisimani. Alijua, ila alikuwa amechoka mno hata kufikiri.

Shamba nalo lilikuwa limechoka. Mahindi yalisimama dhaifu, na mbolea ya dukani ilikuwa haishikiki kwa bei.

"Tusipovuna safari hii, tutauza ng'ombe," mumewe alisema.

"Na watoto watakunywa nini?"

Mume alichukua jembe, akatoka.

Kesho yake Mama Pacha alipeleka toroli shambani. Aliweka samadi ya asubuhi ileile kwenye mashina ya mahindi, ikiwa bado inatoa mvuke. "Maziwa ya leo ndiyo matamu," alijiambia. "Na samadi vilevile."

Haikupita wiki, majani yakawa ya njano, yakajikunja. Mama Pacha alikaa chini akalia.

Jirani yake, mtaalamu wa kilimo ambaye wote walimwita Bibi Shamba, alimkuta hapo.

"Dada, kulikoni?"

"Samadi imenilia mahindi yangu!"

"Uliiweka mbichi?"

"Mbichi kabisa!"

"Pole, dada. Maharage yana nguvu, lakini huyali mpaka yaive. Samadi nayo huiva. Ikiwa mbichi huunguza mizizi."

Waliiondoa samadi ile, wakaokoa miche iliyobaki. Kisha wakaenda kuchagua mahali penye kivuli, mbali na kisima.

"Lundika hapa," alisema Bibi Shamba. "Changanya na majani makavu, funika mvua isiioshe. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka cha moto, bado inaiva. Igeuze mara kwa mara. Baada ya miezi kadhaa itapoa, itakuwa nyeusi, itanukia udongo. Hapo ipeleke shambani."

"Kazi nyingine tena!" Mama Pacha alihema.

"Toroli ni lilelile, unabadili njia tu. Sasa hivi mnamwaga mbolea kisimani, mnayachafua maji, halafu mnakwenda kuinunua dukani."

Mama Pacha aliutazama mtaro. "Kumbe tunajiibia wenyewe."

Msimu ule walivuna kidogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili: walijibana, ng'ombe hawakuuzwa. Msimu uliofuata alitia samadi iliyoiva katika kila shimo kabla ya kupanda. Mahindi yalistawi kijani kibichi, yakabeba masuke mazito. Dukani hawakwenda, na maji ya kisima yaliacha kunuka.

Mgongo wa Mama Pacha ulikuwa bado unauma. Asubuhi moja mumewe alimhurumia, akachukua toroli yeye. Macho yamejaa usingizi, akaelekea mtaroni kama zamani.

"Wewe!" Mama Pacha alipiga kelele. "Unakipeleka wapi chakula cha watoto?"

Mume alisimama, akajicheka, akageuza toroli.