Mwita Mindi wa Masama

Kila Alhamisi, jua likianza kujificha nyuma ya migomba, Eliakim alijitwika mzigo wa majani ya ng'ombe na kupanda nao hadi kwa Mama Basili. Hakuna aliyemtuma. Watu wa Masama walimsifu kwa hilo; kijana gani siku hizi anamkumbuka mama wa rafiki yake? Mchungaji alimtaja hata kanisani. Eliakim akainamisha kichwa, na waumini wakadhani ni unyenyekevu.

Jioni hiyo ya mwezi wa saba, mwaka tisini na nne, ukungu ulishuka mapema kuliko kawaida. Majani yalimlowesha mgongo. Mfukoni mwa koti alikuwa na barua, na barua ilimwelemea kuliko mzigo wa kichwani.

Ilitoka kwa Basili, aliyekuwa ng'ambo. Ndivyo kijiji kizima kilivyojua.

Ukweli ulijulikana na watu wawili tu nchini, yeye na Filbert. Eliakim, Basili na Filbert walikua pamoja, wakachunga pamoja, wakabatizwa siku moja. Walipopata ndevu wakaanza kuwinda mindi, yule paa mweusi mnene wa msitu wa mlimani, kwa gobore la baba yake Basili. Mindi hafukuzwi, huitwa. Basili alibana jani kati ya midomo akalia kama mtoto wa mindi aliyenaswa, na mama yake mnyama, popote alipokuwa, alikuja mbio roho mkononi. Ni ujanja wenye ukatili ndani yake, lakini wakati huo walikuwa vijana na nyama ilikuwa tamu.

Mwitaji hukaa kichakani, palepale mnyama anapojia. Kwa hiyo mzee, baba yake Basili, aliwawekea sharti moja. Mwenye bunduki hapigi mpaka mwitaji akohoe. Akikohoa, unajua mtu yuko wapi na mnyama yuko wapi. Asipokohoa hupigi, hata mindi aje akulambe kiatu.

Mzee akafa, ruksa ya biashara ikaja, na Filbert akahamia Moshi mjini, mtaa wa Soweto, akawa mtu wa kupanga safari za uwindaji. Wale matajiri wanaolala kwenye mahema yenye vitanda hawakuwa wageni wake. Wake walikuwa mafundi bomba na wauza nyama wa Ulaya waliodunduliza miaka mitatu, wakaona tangazo lake la kuwinda Kilimanjaro kwa bei nafuu. Unafuu wenyewe ulitokana na kwamba kibali hakikuwapo, askari wa wanyamapori hakujua, na Basili na Eliakim walilipwa kwa ahadi.

"Vumilieni," Filbert aliwaambia. "Afrika Kusini inafunguka. Mwakani tunafungua ofisi kule, wote watatu."

Waliamini. Nani asingeamini miaka ile? Kila mtu alikuwa na ndugu aliyekuwa karibu kuondoka.

Siku ya msiba ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja. Mgeni mmoja alikuwa amebakiza jioni moja tu nchini, na siku nne zilikuwa zimepita bila hata unyoya. Filbert alibaki chini kwenye gari. Eliakim alikaa bega kwa bega na mgeni. Ukungu ulikuwa umejaa. Basili akaita mara moja... mara mbili... mara tatu. Kichaka kikatikisika.

Hakukuwa na kikohozi.

Mgeni alimgeukia Eliakim, macho yakiuliza. Eliakim alisubiri. Kisha akaiona Afrika Kusini ikipotea hivihivi, na mgeni akienda kuwatangazia wenzake kwamba kwa Filbert hakuna kitu. Akamgusa bega.

Piga.

Walimzika usiku huohuo kando ya kijito, amevikwa koti la mvua la mgeni. Mgeni akapanda ndege. Filbert akatangaza kijijini kwamba Basili ametangulia ng'ambo na mzungu wake, kuandaa ofisi. Akawa anaandika barua kwa mkono wake wa kushoto, na kazi ya kuzisoma ikawa ya Eliakim, kwa kuwa Mama Basili alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tua mzigo, uote moto."

Jikoni kulinukia maziwa na moshi. Mama Basili alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitenge kimemfunika mabega, uso umeelekea mlango wa nyuma. Eliakim alifungua barua karibu na koroboi.

"Mama mpendwa," alisoma. "Mimi ni mzima. Huku tuna marafiki wengi. Tunawapeleka wageni kuwinda swala kwenye mashamba makubwa, kwa bei wanayoimudu, na wanafurahi..."

"Anasema anarudi lini?"

"Mwakani, mama."

Kikongwe alichezea pindo la kitenge.

"Sasa kama ni mwakani," alisema taratibu, "huyu anayekuja kila jioni ni nani?"

Eliakim aliikunja barua.

"Anasimama pale kwenye migomba. Haingii. Mwanzo nilifikiri mtoto wa mbuzi wa jirani amepotea."

"Mama, pengine ni—"

"Nyamaza. Sikiliza."

Alisikiliza. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Ng'ombe alikuwa akicheua zizini. Halafu akaacha kucheua.

Harufu ikaja kwanza. Ngozi mbichi iliyolowa... na baruti.

Kisha sauti.

Nyembamba. Ya mtoto aliyenaswa, anayemwita mama yake.

Mara moja.

Mara mbili.

Mara tatu.

Ng'ombe alijitupa ukutani hadi kamba ikakatika. Eliakim alijikuta amekumbatia nguzo ya jiko. Sauti ile aliijua. Aliisikia tangu akiwa na miaka kumi na mitano, na hakuna mtu mwingine mlimani kote aliyeweza kuitoa hivyo, na ule mkwaruzo mdogo mwishoni, kwa sababu Basili alikuwa na jino la mbele lililovunjika.

"Miezi minane," Mama Basili alinong'ona. "Miezi minane ananiita. Na baba yake alimfundisha akimaliza akohoe, ili mtu ajue alipo. Hakohoi, Eliakim. Mwanangu yuko wapi?"

Hapo ndipo Eliakim aliposhindwa. Alitoka kwa mlango wa mbele, akaenda hadi mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Kwa Wachagga hilo si jani la kuchezea. Anayekosa hulifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama ameuliwa mtoto. Ndiyo maana anayelileta husema kweli yote. Kusema uongo ukiwa umeshika isale hakuna aliyewahi kuweka adhabu yake, maana wazee hawakudhani kuna mtu angethubutu.

Alirudi, akapiga magoti, akaliweka jani mapajani mwa mama.

Akasema. Alieleza msitu, mgeni, ukungu, kijito. Alieleza barua na mkono wa kushoto wa Filbert. Alilia kwa kweli, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Mama Basili alipapasa lile fundo kwa vidole vyake vikavu, hakulia, na Eliakim aliona afadhali angempiga.

Alipomaliza, kikongwe aliuliza jambo moja.

"Mzungu hajui porini kwetu. Alisubiri kuambiwa. Nani alimwambia apige?"

Nje kukawa kimya. Hata maji hayakudondoka tena. Ilikuwa kama kuna mtu ameegemeza sikio kwenye ubao wa mlango.

Eliakim alifungua mdomo ili aseme *mimi*. Neno lilikuwa pale pale. Lakini alifikiria gereza, akafikiria mchungaji, akafikiria Alhamisi zote alizosifiwa. Na Filbert alikuwa mbali, mjini, amekula na kushiba. Hasira ya miaka ikampa neno jingine.

"Filbert."

Mama Basili alisimama kwa kujikongoja. Akafungua mlango wa nyuma, ukungu ukaingia hadi miguuni. Akasema maneno machache kwa Kimachame, kwa sauti ya chini, ya mama anayemtuma mtoto dukani. Eliakim alilisikia jina la Filbert.

Migombani, hatua kumi hivi kutoka pale, mtu akakohoa.

Alfajiri walikwenda msituni, Eliakim, Mama Basili, na baba mdogo wa Basili, mzee Ebenezeri, na vijana wawili wa ukoo. Eliakim aliwaonyesha. Walimchimbua Basili pamoja na koti la mvua, wakamleta kihambani kwao, wakamzika kwenye migomba karibu na baba yake. Ukoo ulikata shauri mambo yabaki nyumbani. Mzee Ebenezeri alimshika Eliakim mkono mbele ya watu wote.

"Umefanya kiume," alisema. "Wengine wangekufa nalo moyoni."

Siku iliyofuata habari ikapanda kutoka mjini. Mke wa Filbert, Hilda, alisema walikuwa mezani Alhamisi ile, usiku umeshaingia. Mumewe akasikia mtoto wa mbuzi analia nje ya uzio. Akauliza ni wa nani huyo. Hilda hakusikia kitu. Filbert akatoka na ndala, tonge bado mkononi. Walimkuta kesho yake katika msitu wa Rau, ameketi ameegemea mti, macho wazi, hana hata mkwaruzo. Hospitali walisema moyo. Waliomwosha walisema midomo yake ilikuwa imebana jani, na walishindwa kulitoa.

Alipandishwa Masama ndani ya jeneza la mninga lenye vishikio vya shaba, na magari saba nyuma yake. Eliakim alibeba jeneza kona ya mbele. Aliona aibu kukiri hata kwake mwenyewe, lakini alikuwa mwepesi. Kwa siku tatu mfululizo alikuwa amelala kama mtoto. Basili yuko kwao, Filbert amelipa, na mlima mzima haukuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. Alijiambia kwamba pengine Mungu hupanga mambo yake kupitia vinywa vya waoga.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, Mama Basili alikuja akipapasa njia kwa fimbo. Alimtambua kwa sauti. Akamsogeza pembeni, kwenye mibuni.

"Jana jioni amekuja tena," alisema.

"Mama... si tumemzika?"

"Tumemzika. Hakulalamika kuhusu kaburi." Aligongagonga fimbo chini, kama anayetafuta namna ya kulisema vizuri. "Anasema nilimtuma kwa mtu siye."

Kutoka uani vilisikika vicheko vya wapishi na sahani zikigongana. Eliakim alitaka kukana. Alitaka kupiga magoti tena, akachume jani jingine, aseme sasa. Mama Basili aliinua mkono, akampapasa uso, paji, mashavu, kidevu, polepole, kama alivyokuwa akiwafanyia wote watatu walipokuwa wadogo na wamerudi kutoka mtoni.

"Mimi nimekwisha kukusamehe," alisema. "Isale nimeipokea, siwezi kuirudisha. Lakini yeye hukumpa."

Akajifunga kitenge vizuri, akaigeuza fimbo kuelekea njia ya nyumbani.

"Alhamisi usiniletee majani, mwanangu. Kaa kwako umngoje."