Amplifaya Iliyokuwa Baridi

"Mgonjwa katoka wodini."

Sauti ya Shangazi ilikuwa kavu sikioni mwake.

"Lini?"

"Alfajiri. Bado hajavaa viatu."

Waya akakata kona bila kupunguza mwendo. Pikipiki yake ya Honda ililala karibu igote lami, ikainuka tena. Mgonjwa ni kifaa kimoja cha ukubwa wa kiganja, kilichoibwa kwenye kituo cha rada. Anayekimiliki anasoma mwendo wa kila ndege ya jeshi kama anayesoma saa ya ukutani. Kutokuvaa viatu kulikuwa na maana moja tu: hakijavuka mpaka.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa Idara, na majasusi wake walimwita hivyo kwa sababu aliwaulizia makosa yao kwa upole uleule unaomfanya mtu aseme mwenyewe.

"Hilo gari jeupe unalolifuata ni la bendi," akasema. "Ujumbe wa serikali unaruka saa saba mchana, na bendi inakwenda nao kutumbuiza. Mizigo ya ujumbe haifunguliwi uwanjani. Kuna mtu anajua hilo."

"Bendi gani?"

Shangazi akashusha sauti.

"Ile."

Waya akabadilisha gia.

Gari jeupe likasimama mbele ya ukumbi wa mazoezi. Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamume mrefu mwenye koti la ngozi na miwani myeusi. Akageuka, akanyoosha mkono. Mwanamke akaushika, akashuka.

Mwanamke yule alikuwa mwimbaji wa bendi. Alikuwa pia mtalaka wa Waya.

Miaka sita Waya alipiga gitaa katika bendi ile, akifanya kazi ya Idara chinichini. Kazi ilipozidi, akatoka. Mwenye koti la ngozi, ambaye mashabiki walimwita Radi, akachukua nafasi yake jukwaani. Mwaka haukuisha, akachukua na nafasi yake nyumbani.

"Waya. Uko hewani?"

"Nipo."

"Naweza kutuma mwingine."

"Usitume."

"Mavi ya kale hayanuki, mwanangu. Ila usiyachokoe."

"Nimekusikia, Shangazi."

Alikuwa ameshaegesha pikipiki.

Saa nne na robo aliingia ukumbini amevaa ovaroli ya fundi umeme, sanduku la vifaa mkononi. Juu kulikuwa na bisibisi, koleo na tochi. Chini, ndani ya sakafu ya uongo, kulikuwa na bastola ya Beretta.

Bendi ilikuwa inajaribu sauti. Nyuma ya meza ya mitambo alikaa fundi wa sauti, mtu mwembamba mwenye glavu za pamba, akikunja nyaya kwa duara zilizolingana. Walimwita Kimya. Wanamuziki walisema mara ya mwisho aliposema maneno matatu kwa mfululizo alikuwa anaota.

Mwimbaji alimwona Waya kabla hajafika jukwaani. Akashusha maikrofoni.

"Bado unakagua nguzo za umeme?"

Ndivyo Waya alivyomdanganya miaka yote ya ndoa. Wiki tatu nguzo za kaskazini, mwezi nguzo za kusini. Ndoa ilivunjikia kwenye nguzo.

"Hazijikagui zenyewe," Waya akasema.

"Umekonda."

"Umenenepa."

Akatabasamu kidogo, na lile tabasamu likamchoma Waya kuliko tusi. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyelala vizuri.

"Shemeji!" Radi akamwita kutoka jukwaani, na wapiga ngoma wakacheka. "Umekuja kukagua umeme au kuiba ujuzi?" Akalipiga kofi sanduku jeusi nyuma yake, amplifaya iliyomfika kiunoni. "Sikiliza hii. Amplifaya tupu. Hakuna pedali, hakuna ujanja."

Wapiga gitaa wana njia mbili za kuufanya uzi ungurume. Ya kwanza ni kuipandisha amplifaya mpaka zile taa za kioo zilizomo ndani yake zielemewe, na sauti ichanike yenyewe. Ya pili ni kuweka pedali, kiboksi cha chuma unachokikanyaga kwa mguu, ambacho huichana sauti kabla haijaifikia amplifaya. Ya pili ni rahisi. Unaweza kunguruma huku mtoto amelala chumba cha pili. Ya kwanza inataka joto, kelele na ugomvi na majirani.

Kwa miaka sita Waya aliikataa pedali. Aliiita mkongojo wa kilema. Na mke wake alikuwa akisema kwamba hata ukimficha nyuma ya kuta tatu, mume wake atamtambua kwa mngurumo ule.

Radi akapiga.

Ilikuwa nzuri. Mungu amsamehe, ilikuwa nzuri mno. Mwimbaji alifumba macho akayumba, na Waya akahisi mtu amemkanyaga roho kwa kisigino.

Kisha ubeti ukaanza, na Radi, kwa kidole cha mwisho, akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe.

Waya akainua kichwa.

Amplifaya iliyoelemewa, ukiipunguzia mzigo, hutulia. Mngurumo hutua kama tope kwenye ndoo, sauti ikabaki safi. Hii haikutulia. Ilipungua tu, ikaendelea kukoroma kwa sauti ndogo.

Ilikuwa pedali. Imefichwa mahali.

Anadanganya!

Furaha iliyompanda haikuwa ya kijasusi. Ilikuwa furaha chafu, ya mtu aliyemkuta jirani yake amevaa shati la kuazima. Alitaka kupanda jukwaani amtangazie mwanamke yule. Alitaka kumwona akifumbua macho.

Wazo la pili lilichelewa, lakini lilifika. Kama pedali ndiyo inayonguruma, amplifaya inafanya nini?

Akazunguka nyuma ya jukwaa, akachuchumaa kama anayefuata nyaya. Mgongo wa amplifaya ulikuwa umezibwa kwa ubao mpya, skrubu bado zinang'aa. Akaweka kiganja juu ya wavu wa kutolea joto.

Nusu saa ya mngurumo. Ilipaswa kumbabua.

Ilikuwa baridi kama kigae cha bafuni.

Nyuma ya meza ya mitambo, Kimya aliacha kukunja nyaya. Kisha akaendelea.

Waya akatoka hadi kwenye veranda ya nyuma.

"Shangazi. Mgonjwa yuko ndani ya amplifaya ya mpiga gitaa."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Amplifaya ni baridi. Taa zake zimetolewa, ndani kuna nafasi. Na mpigaji anadanganya kuhusu sauti yake."

"Mpigaji ni mume wa mtalaka wako."

"Najua ni nani."

"Nikifungua mzigo wa ujumbe wa serikali nikakuta vumbi, itakuwa kashfa. Kwa hiyo nitakuuliza mara moja tu. Ni masikio yako, au ni wivu?"

Waya alitazama ukuta.

"Masikio."

"Dakika kumi. Ifungue, bila kelele. Ukikosea, mimi na wewe tutafuga kuku."

Bisibisi ilikuwa mkononi. Amplifaya ilikuwa hatua kumi na mbili. Jasusi yeyote aliyefunzwa angekwenda kwenye amplifaya.

Waya alikwenda kwa mwanamume.

Alimkuta Radi peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akisukumiza kitu ndani ya koti. Akamkaba kola, akambana ukutani. Miwani ikaanguka.

"Toa."

"Kaka, taratibu—"

"Mimi si kaka yako. Toa!"

Radi akatoa mkono mfukoni. Pedali. Kiboksi cha chuma cha kijani kilichochubuka rangi, kizito kama tofali dogo.

"Haya. Nimeshikwa. Nenda kamwambie."

"Ndani ya amplifaya kuna nini?"

"Si chochote! Imeungua. Kimya aliniambia wiki iliyopita imeungua, akaifungia kimashine kidogo ndani iweze kutoa sauti. Pedali tukaificha nyuma ya spika. Akasema hakuna atakayejua. Akasema..." Radi akaitazama miwani yake sakafuni. "Akasema hata mke wangu hatajua."

"Kwa nini umfiche mkeo pedali?"

Radi akacheka, kicheko kibovu.

"Unaniuliza wewe? Ana kanda zako ndani ya kasha la viatu. Nilizisikiliza zote alipokwenda sokoni. Miezi mitano nimejifungia chumbani na amplifaya mpaka nikazibika masikio, naitafuta sauti yako. Sikuipata. Kila nikipiga, anafumba macho, na mimi sijui nyuma ya hayo macho yuko nani. Nakuonea wivu hadi chakula hakipiti. Wewe! Fundi umeme!"

Waya akaiachia kola.

Miaka minne alikuwa akingoja kusikia maneno yale. Sasa ameyasikia, na hayakuwa na ladha yoyote.

Nje, mlango wa gari ulibamizwa. Injini ikawaka.

Alipofika jukwaani, palipokuwa na amplifaya palikuwa na alama nne za miguu yake kwenye vumbi. Nyuma ya meza ya mitambo hapakuwa na mtu.

Akajilaani. Kimya alikuwa amemwona akiigusa amplifaya kwa kiganja kizima. Fundi umeme wa kweli hugusa kwa mgongo wa mkono.

"Shangazi. Mgonjwa anakimbia. Gari jeupe. Anaye fundi wa sauti."

"Mpiga gitaa?"

"Hana hatia."

"Dakika nne umezipoteza wapi?"

Waya akaitoa Beretta chini ya sanduku, akatoka mbio hadi kwenye pikipiki.

"Najua anakokwenda." Ilikuwa sauti ya Radi, nyuma yake. "Uwanja wa mizigo, lango la nyuma. Tunapitishia vyombo pale. Halifunguki bila kadi. Moja anayo yeye, na nyingine ninayo mimi."

"Nipe."

"Inataka na alama ya kidole changu."

Waya akatazama pikipiki. Akamtazama mume wa mtalaka wake.

"Panda. Shika chuma, usinishike mimi."

Kwenye kona ya kwanza Radi alimkumbatia kwa mikono yote miwili. Waya akaongeza kasi. Sindano ya mwendo ilisoma mia na ishirini alipomtajia Shangazi lango kwa redio.

Lango likafunguka kwa kidole cha Radi. Ndani, kati ya makontena, gari jeupe lilikuwa limesimama kitako kwa kitako na gari la kijivu. Mtu mgeni mwenye suti, aliyeshika mkoba, alikuwa akichungulia amplifaya ndani ya gari.

Waya akashuka Beretta ikiwa mkononi.

Risasi moja. Tairi la gari la kijivu likapasuka. Mgeni akainua mikono, mkoba ukaanguka, na lugha aliyoomba nayo msamaha haikuwa ya hapa.

Mmoja.

Yuko wapi wa pili?

Chuma baridi kikagusa shingo yake kwa nyuma.

"Weka chini," Kimya akasema. "Polepole. Sipendi kelele."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Waya akainama, akaweka bastola kwenye lami. Alihesabu. Shangazi yuko umbali wa dakika saba. Kidole cha Kimya kiko umbali wa nusu sekunde.

"Miaka minane nimewasawazishia sauti," Kimya akasema. "Nyinyi mnapigiwa makofi. Kuna hata mmoja anayelijua jina langu?"

Kikasikika kishindo kizito, kama nazi inayodondoka juu ya bati.

Pedali ya kijani ilikuwa imempata Kimya juu ya sikio. Risasi ikaenda angani. Waya akageuka, akaukamata mkono wenye bastola, akauzungusha mpaka ukalia. Goti tumboni. Kiwiko mgongoni. Pingu.

Kimya akalala chini bila sauti.

Radi alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mkono bado umenyooka.

"Nimemuua?"

"Bahati mbaya, hapana."

Skrubu nne. Ubao ukatoka. Mahali pa taa za kioo palikuwa na sponji, na katikati ya sponji alilala mgonjwa, mzima, bila mkwaruzo.

Dakika saba hazikuisha. Magari mawili ya Idara yakaingia lango la nyuma, na nyuma yao teksi. Mwimbaji, aliyewaona wakiondoka pamoja akawafuata, akashuka kabla haijasimama. Akaiona Beretta. Akaziona pingu. Akamtazama Waya kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kumbe hizi ndizo nguzo," akasema.

"Ndizo."

"Ungeniambia."

"Nisingeweza."

Akatikisa kichwa, kama anayefunga hesabu ya zamani. Waya akapiga hatua moja mbele bila kujijua. Mwanamke akampita. Akaenda moja kwa moja kwa Radi, akamshika uso kwa viganja viwili, akamgeuza huku na huku akitafuta damu.

"Umeumia wapi? Sema."

"Sijaumia. Mke wangu, nina neno." Radi alikuwa anatazama chini. "Ile sauti si amplifaya. Ni pedali. Nimekudanganya tangu wiki iliyopita."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi ni mwimbaji, bwana, si mwuza maboga. Nilisikia siku ileile."

"Hukusema kitu!"

"Niseme nini? Ulikuwa umefurahi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi." Akamfuta vumbi shavuni kwa ncha ya khanga. "Piga kwa pedali, piga kwa sufuria ukitaka. Mimi sikuolewa na amplifaya."

Waya alikuwa hatua tatu kutoka pale, na alisikia kila neno. Masikio yake hayakuwahi kumkosea. Siku hiyo angependa yakosee.

Akamkabidhi kijana wa Idara kile kifaa, akatia saini, akafunga zipu ya ovaroli mpaka shingoni. Radi akamkimbilia.

"Kaka. Amplifaya yangu ndiyo hiyo imekufa, na ndege inaruka saa saba."

Waya akavaa glavu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kwenye stoo ya ukumbi, nyuma ya mapazia mabovu, kuna moja ya zamani. Ilikuwa yangu. Ipashe moto dakika kumi kabla hujapiga." Akafikiri. "Na weka pedali mbele yake. Zitaelewana."

Akawasha pikipiki, akatoka langoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua gazeti.

"Kazi safi," Shangazi akasema sikioni. "Nakusubiri na ripoti. Utafika baada ya muda gani?"

"Robo saa."

Penye njia panda, barabara ya kushoto ilielekea Idara. Waya akawasha taa ya kulia, akazima redio, akapita njia ndefu.