Darubini Iliyotazama Muyinga

Kompyuta iliandika kwamba imeunganika, na kebo ilikuwa bado mkononi mwa Husni.

Aliitazama kebo, akaitazama kompyuta. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, nyuma ya madarasa ya shule moja ya Mushasha, Gitega, jua limeshazama na mbu wameanza kazi. Mbele yake darubini nyeupe, nene kama paja la mtu, ilikuwa imekaa juu ya kiti chake cha mota, kile kinachopokea amri ya kompyuta na kuigeuza darubini kwenye nyota unayoitaka. Tangu sanduku lifunguliwe, kiti hakijasikia amri hata moja. Ndiyo maana Ursula, mwalimu wa fizikia, alimwita Husni, fundi wa kompyuta.

"Imekubali?" Ursula aliuliza. Alikuwa mtu wa Butihinda, karibu na mpaka, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake kilichonyooka kilimfanya Husni ahisi anazungumza na redio.

"Oya," Husni alikataa kwa kichwa. "Iko inadanganya, Madamu."

Alikuwa hapo tangu saa tisa. Alianza na umeme, akabadilisha adapta, maana mota zenye njaa hazisikii mtu. Akagundua kebo ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la rimoti badala ya tundu la kompyuta, yanafanana kama mapacha. Akaweka programu ya kukitambulisha kigeuzi cha USB. Akabadili namba ya mlango, ule wa kompyuta unaopitisha mawasiliano, tatu, nne, hadi saba. Kila mara kompyuta ilijibu kwamba hakuna mawasiliano. Sasa ameichomoa kebo aifute vumbi, na neno la kijani limewaka lenyewe: *Connecté*, imeunganika.

"Bon," alisema, akijikaza. "Tuiambie iko wapi."

Programu ilitaka jina la mahali, ili ijue anga la hapo. Husni akaandika Gitega. Herufi zikafutika moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama mtu anayebonyeza polepole. Mahali pake pakaandikwa Muyinga.

"Umeandika Muyinga, kaka?"

"Mi nimeandika Gitega."

Aliandika tena, na tena. Mara ya tatu aliikinga kompyuta kwa bega, kwa sababu Muyinga ndiko kwao, na hapa Gitega alikuwa halitaji sana jina hilo.

Kulikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma alikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Raissa, binti aliyetaka kumwoa. Waliketi sebuleni kwa heshima, chai imemiminwa, baba yake Raissa akamuuliza kama ana ndugu. Husni akamkumbuka dada yake Nadia: jinsi alivyoanguka akipiga kelele katikati ya arusi ya binamu yao, akinguruma kwa sauti ya kiume, watu wakisimama juu ya viti wamwone vizuri. Akajibu kwamba alikuwa na dada mmoja, Mungu amemchukua. Mama yake Raissa alifuta machozi. Pole alizopewa siku hiyo Husni alizipokea zote.

Na Nadia alikuwa hai, katika chumba cha uani cha mama yao, Muyinga.

Mota ikanguruma. Kiti, ambacho hakina kebo, kilianza kuzunguka, taratibu, na darubini ikainama kutoka angani hadi usawa wa kifua cha mtu, ikasimama ikiutazama ukuta wa matofali upande wa kaskazini-mashariki.

"Huko hakuna nyota," Ursula alinong'ona. "Husni, izime."

Husni akachomoa umeme, waya ukaanguka kwenye majani, lakini mota haikunyamaza, na hewa ikajaa harufu ambayo kwanza aliidhani ya chuma kilichoungua, halafu akaijua, ilikuwa ubani, ule ubani wa bei rahisi ambao mama yake huuchoma kila Alhamisi mlangoni kwa Nadia, na katika kisanduku cha kompyuta ambamo mtu huandika jina la nyota anayoitafuta, herufi tano zilikuwa zimejiandika, na Ursula alikuwa ameshazisoma.

"Nadia. Nadia ni nani?"

Angeweza kusema kweli. Alikuwa na mtu mmoja tu mbele yake, mwalimu asiyemjua Raissa wala baba yake, na giza la kumficha uso. Lakini ulimi ulikuwa umezoea.

"Dada yangu. Alikufa."

Mota ikanyamaza. Kisha kutoka kwenye kompyuta, kupitia vile vispika vidogo vinavyokwaruza, sauti ya mwanamke iliuliza kwa upole kabisa:

"Nimekufa lini?"

Ursula alikimbia. Husni hakuweza. Alisimama akiikumbatia ile kebo kifuani mpaka mlinzi alipokuja na tochi na kumshika bega.

*

Kesho yake Husni alishika njia ya kwao; mafuta ya magari yalikuwa haba, akasubiri gari la kupitia Karuzi nusu siku. Alifika Muyinga baada ya alasiri. Mama yake, Pili, alikuwa uani, macho mekundu, na kando yake Maalim Kassimu, mzee fundi wa kushona kofia ambaye watu wa mtaa humwita akawasomee wagonjwa.

"Tangu jana magaribi hajalala," mama alisema. "Iko anauliza kitu kimoja tu. Eti nimekufa lini, nimekufa lini. Mi sielewi, mwanangu."

Husni akavua viatu, akaingia. Chumbani Nadia aliketi mkekani, amekonda, mabega yameelekea mlangoni. Maalim alisoma kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Mabati ya paa yalianza kugonga ingawa nje hapakuwa na upepo, na midomo ya Nadia ikafunguka, sauti iliyotoka ikiwa nzito, ya mwanamume aliyeshiba.

"Kassimu, unajichosha. Zamani nilikuwa napita tu, ukisoma naondoka. Sasa nakaa. Huyu hana mwenyewe."

"Ana mama. Ana kaka."

"Kaka yake amemzika. Miaka miwili. Alipokea pole, akanywa chai. Nyumba isiyo na mwenyewe mi naingia, nani atanitoa?"

Maalim aligeuka. "Husni, huyu kiumbe ni mwongo kwa kawaida yake. Hili nalo ni uongo?"

Husni alitazama sakafu. Aliona miguu ya mama yake ikisogea, visigino vilivyopasuka, vikisimama mbele yake.

"We ulimuzika wapi?" mama aliuliza. Hakupaza sauti. "Niambie, mwanangu. Nikamusomee dua kwenye kaburi."

Afadhali angempiga.

Maalim akaiokota simu ya Husni iliyokuwa imeanguka mkekani, akampa. "Waliosikia kwamba amekufa, wasikie kwamba yuko hai. Wote. Na sisi tukisikia."

Alimpigia baba yake Raissa kwanza, spika ya simu ikiwa wazi ili wote wasikie. Alisema yote, arusi, kelele, chai, na katikati yake mabati yaligonga hadi akalazimika kurudia kwa kupaza sauti, hivyo majirani wa pande zote mbili wakasikia. "Mke wangu alimfungia saumu dada yako," mzee yule alisema, akakata simu.

Kisha Ursula. "Madamu, Nadia hakufa. Mi nilidanganya. Nilikuwa namuonea haya."

Alipotamka neno hilo Nadia aliinuka akiwa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, mwili wake ukatetemeka kama gari linalokataa kuwaka, harufu ya chuma ikatoka kinywani mwake, mlango ukafunguka kwa kishindo bila mkono wa mtu na kuku wote wa uani wakaruka ukutani kwa pamoja, wakipisha kitu. Nadia akaanguka. Mabati yakatulia.

*

Raissa hakupiga simu tena. Wiki iliyofuata Ursula aliandika ujumbe: kiti kimekubali, kwa mlango namba saba, na wanafunzi wameuona Mwezi.

Husni alikuwa bado Muyinga. Mama yake alimpa chakula na hakumsemesha. Nadia alikuwa akila mwenyewe sasa, ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, polepole, kama mtu anayejifunza upya ladha ya chumvi. Siku moja mchana walibaki wawili uani.

"Nilikufa na nini?" aliuliza.

"Malaria."

"Ulilia?"

"Ego," Husni aliitikia kwa kichwa.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Nadia alichagua ndagala mmoja, akamtoa kichwa, akamweka pembeni.

"Hapa hukunililia hata siku moja," alisema, akaendelea kula.